"Tumelipokea" haina maana ya "tumekubali"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu neno nililolisikia hapa Tabora mwezi uliopita. Neno lenyewe nililiacha lipite bila kulijibu palepale, na sababu ya kuliacha lipite ndiyo hasa habari ya barua hii.

Tulikuwa watu kama 40 katika ukumbi wa hoteli moja mjini, tulioitwa kwa mafunzo ya siku mbili juu ya majadiliano katika taasisi. Walikuwapo maafisa utumishi, viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, wahasibu, na sisi wachache wa vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS. Mwezeshaji, kijana msomi na mwenye adabu, alituonyesha ukutani namba mbili, 64 na 27. Ya kwanza, alisema, inapima namna watu wa Afrika Mashariki wanavyoukubali umbali kati ya mkubwa na mdogo. Ya pili inapima namna mtu anavyojihesabu peke yake, mbali na kundi lake. Akahitimisha kwamba kwa namba hizo Mtanzania ni mjadilianaji dhaifu kwa utamaduni wake, kwa kuwa hawezi kumpinga mkubwa wake usoni, na kwamba dawa yake ni kufundishwa kusema "hapana". Kisha akatuuliza kama tuko pamoja. Ukumbi mzima ukatikisa vichwa, na mimi mwenye umri wa miaka 66, niliyestaafu baada ya miaka 31 ya kazi ya uafisa utumishi, nikatikisa changu pamoja nao. Sikuwa nimekubali hata chembe. Ilikuwa yapata saa saba mchana, chakula kilikwisha kuletwa mlangoni, posho ilikuwa bado haijasainiwa, na kijana wa watu alikuwa ametoka mbali.

Nianze na namba zenyewe, kwa sababu hazikutoka hewani. Zilitokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Uholanzi, Geert Hofstede, aliyechambua zaidi ya hojaji 100,000 zilizojazwa kati ya mwaka 1967 na 1973 na wafanyakazi wa kampuni ya IBM katika nchi nyingi duniani. Waliojaza walikuwa waajiriwa wa kampuni moja ya kompyuta. Hawakuwamo wakulima wa Urambo, wala wapakiaji mizigo wa stesheni, wala wauguzi wa zahanati. Kwa upande wetu, majibu ya Tanzania, Kenya, Ethiopia na Zambia yalitiwa katika kapu moja likaitwa Afrika Mashariki. Mojawapo ya maswali yaliyotumika kupima umbali huo wa madaraka liliuliza ni mara ngapi wafanyakazi huogopa kuonyesha kwamba hawakubaliani na wakubwa wao. Swali ni zuri, ila anayemuuliza mtu kama anaogopa atajibiwa habari za hofu, na hofu ya mtu aliye kazini huanza na barua ya onyo, uhamisho wa ghafla na mkataba usiohuishwa, kabla hatujafika kwenye kabila lake na mila za babu zake. Hofstede mwenyewe alionya kwamba wastani wa nchi usichukuliwe ukavalishwa mtu mmoja mmoja. Onyo hilo halikuonyeshwa ukutani.

Tena tukumbuke yaliyokuwa yakitokea nchini mwetu katika miaka ileile ambayo hojaji hizo zilikuwa zikijazwa. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi. Februari 1971 TANU, chama tawala cha wakati ule, ikatoa waraka ulioitwa Mwongozo, ambao kifungu chake cha 15 kilimpiga marufuku kiongozi kuwa na majivuno, dharau na ukandamizaji kwa walio chini yake. Wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam walikishika kifungu hicho kwa nguvu kuliko wenye kukiandika walivyotarajia: kwa muda wa miaka miwili hivi palizuka migomo kiwanda baada ya kiwanda, na katika baadhi ya viwanda mameneja walikataliwa waziwazi, makosa yao yakisomwa mbele ya watu. Nauliza kwa heshima, watu wale walikuwa wa utamaduni gani? Wazazi wao walikuwa walewale waliotufundisha sisi kupokea kwa mikono miwili na kutomkatiza mzee kauli. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na karatasi iliyosema kuwa mkubwa anaweza kuulizwa, na karatasi hiyo ilitoka juu.

Sisemi kwamba utamaduni ni hadithi tu. Upo, na umepimwa kwa njia nzuri kuliko hojaji. Mwaka 2001 mwanaanthropolojia Joseph Henrich na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika jamii ndogo 15 za mabara mbalimbali, zikiwamo mbili za hapa kwetu, Wahadzabe na Wasangu. Mtu mmoja anapewa fedha, anaambiwa apendekeze kumgawia mwenzake asiyemjua kiasi gani. Mwenzake akikubali kila mmoja anachukua fungu lake, akikataa wote wawili wanakosa. Wanafunzi wa vyuo katika nchi tajiri kwa kawaida hugawa kati ya asilimia 40 na 50. Wamachiguenga wa Peru waligawa wastani wa asilimia 26 na karibu hakuna aliyekataa. Walamalera wa Indonesia, ambao huvua nyangumi kwa pamoja na kugawana nyama kwa kanuni, waligawa wastani wa asilimia 58. Wahadzabe walitoa kidogo, na waliopewa kidogo walikikataa mara nyingi. Huko Papua New Guinea, Waau na Wagnau walikataa hata mafungu yaliyozidi nusu, kwa kuwa kwao zawadi kubwa isiyoombwa ni deni na kujiweka chini ya mtu.

Jambo lililonikaa moyoni katika utafiti huo limo katika maelezo juu ya Waorma wa Kenya. Walipochezeshwa mchezo mwingine, ambao kila mmoja huchangia mfuko wa pamoja, walisema mara moja kwamba hiyo ni harambee, na wakachanga kama watu wanavyochanga kwenye harambee. Hawakutazama ndani ya nafsi zao kutafuta kiwango cha ujamaa wao. Walijiuliza jambo lililo mbele yao linafanana na lipi wanalolijua, wakatenda inavyotendwa huko. Ninaamini hivyo ndivyo utamaduni unavyofanya kazi ofisini pia, na ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa bubu saa nne asubuhi ukumbini na saa kumi jioni akamkabili mteuzi wa tumbaku, yaani anayeipangia tumbaku daraja, ambaye ni mtu wa serikali, akamgomea daraja la robota lake mpaka lifunguliwe na kukaguliwa upya mbele ya watu.

Basi tuutazame mkutano wetu wa kawaida wa taasisi, tujiulize unafanana na nini. Meza kuu imetandikwa kitambaa na chupa za maji. Wajumbe wako chini, kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa kama vya darasa. Itifaki inasomwa dakika kumi. Mgeni rasmi au mkurugenzi anafungua, na katika kufungua anataja tayari kile anachokitaka, tena kwa namba: asilimia, tarehe, kiwango. Ajenda imegawiwa asubuhi ileile, wakati mwingine kwa Kiingereza. Halafu inasemwa, "Wajumbe, karibuni kwa michango." Mtu yeyote aliyekulia Tanzania anautambua mkusanyiko wa namna hiyo: ni baraza la kupokea maagizo, na kwenye baraza la kupokea maagizo mtu mwenye akili anashukuru, anaongeza nyama kidogo kwenye hoja ya mkubwa, anakaa. Ukimpeleka Mholanzi aliyezaliwa Utrecht akaishi miaka mitatu akihudhuria mikutano hiyo naye atajifunza kushukuru na kukaa.

Hiyo namba inayotajwa mwanzo ina nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio ambalo watu walizungushiwa gurudumu la namba lililotegwa lisimame kwenye 10 au kwenye 65, kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Waliopata 10 walikisia 25, waliopata 65 walikisia 45, ingawa kila mmoja aliona kwa macho yake kwamba gurudumu halijui lolote kuhusu Afrika. Namba ya kwanza ni nanga. Chombo kinaweza kuyumba huku na huku lakini kamba haiendi mbali. Kama namba ya bahati nasibu inawavuta watu kiasi hicho, itakuwaje namba iliyotamkwa na anayesaini likizo yako? Nasi tumejiwekea utaratibu wa kwamba mkubwa ndiye anayesema kwanza, halafu tunawashangaa wadogo kwa kutosogea mbali na alichokisema.

Sasa nieleze lililonipata mwenyewe, maana katika kosa hili mikono yangu si safi. Tangu nistaafu nimekuwa mwandishi wa mihtasari wa AMCOS ya wakulima wa tumbaku, magharibi mwa mkoa huu. Msimu wa juzi kampuni iliyoingia mkataba nasi, ambayo sitaitaja, ilimleta mwakilishi wake tuzungumzie ratiba ya masoko, yaani siku ambazo tumbaku huteuliwa, hupimwa na kununuliwa ghalani kwetu. Sisi tulitaka soko kila wiki. Mwakilishi alisimama wa kwanza akasema kwamba kampuni imeona masoko yawe kila baada ya siku 21, akatoa sababu za usafiri, akaketi. Mwenyekiti wetu, mzee aliyezeekea kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, alivua kofia, akaiweka juu ya goti, akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Tumelipokea." Hakuna aliyeongeza neno. Nami katika daftari langu nikaandika: "Wajumbe wamelipokea pendekezo na kuliafiki." Maneno mawili ya mwisho niliyaongeza mimi. Kwa miaka 31 ndivyo nilivyokuwa nikiandika, kwa kuwa muhtasari usio na maafikiano hurudishwa.

Kila aliyekuwa ghalani siku ile, isipokuwa mgeni wetu, alijua kwamba "tumelipokea" maana yake ni "tumesikia, tutakwenda kulizungumza wenyewe, na namna ulivyolileta haikutupendeza". Ofisini tuna ndugu zake neno hilo: "tutalifanyia kazi", "tuachie tulitafakari", "hakuna shida". Haya si maneno ya uongo, kwa sababu anayeyasema na anayeyasikia, wakiwa wa nyumba moja, wanaelewana barabara. Yanageuka uongo yanapoandikwa kwenye karatasi na mtu kama mimi kwa ajili ya mtu ambaye hakukulia nyumba hiyo.

Wiki ya tano marobota yakaanza kuondoka usiku kwa bodaboda kwenda kwa mnunuzi asiye na mkataba. Kampuni ikaandika barua kali, na ofisa wake mmoja akasema mbele yangu kwamba hawa watu wanasema ndiyo wakimaanisha hapana, ndio utamaduni wao. Nikamwonyesha muhtasari wangu? Hapana, niliona haya.

Aliyetuokoa ni mwalimu mstaafu wa kijiji jirani, mtu asiye na cheo chochote kwetu wala kwao. Alitumia siku mbili kuzunguka kwa miguu, akakaa na mwenyekiti chini ya mwembe bila daftari, akaenda kwa wazee watatu ambao mkutanoni hawakutamka hata neno, kisha akapanda basi akaenda kuonana na yule mwakilishi wa kampuni akiwa peke yake. Yaliyotoka huko hakuna aliyeyasikia ghalani. Wakulima hawakuwa na ugomvi na siku 21 kama siku 21. Shida ilikuwa kwamba tumbaku inauzwa kwa dola, malipo yanapitia akaunti ya chama, makato ya pembejeo yanafanyika, na tangu soko hadi fedha kumfikia mkulima zilikuwa zikipita wiki nyingine kadhaa; mwenye mtoto wa sekondari alikuwa akihesabu karibu miezi miwili tangu robota lifungwe, huku tumbaku ikipungua uzito au ikipata unyevu na kuota ukungu. Kampuni nayo haikuwa na haja ya siku 21. Ilichokikataa ni kupeleka lori la tani kumi lirudi nusu tupu. Kilomita tisa kutoka kwetu kuna AMCOS nyingine yenye malalamiko yaleyale. Yakapangwa masoko ya siku kumi kumi, lori moja likipita kwetu na kwao siku ileile. Usafiri wa usiku ukaisha wenyewe.

Mmarekani Mary Parker Follett, aliyefundisha mambo ya uongozi wa kazi katika miaka ya 1920, alikuwa na kisa chake kidogo. Akiwa katika chumba kidogo cha maktaba ya Harvard, mwenzake alitaka dirisha lifunguliwe, yeye akataka libaki limefungwa. Wakafungua dirisha la chumba cha pili ambacho hakikuwa na mtu: mwenzake alikuwa akitaka hewa, na yeye alichokikataa ni upepo wa kaskazini kumpiga mwilini. Wasomi wa saikolojia ya majadiliano wameonyesha mara nyingi tangu wakati huo kwamba watu huingia wakiamini kuwa kilichopo ni kipande kimoja cha mkate, kila tonge la mwenzako ni pengo kwako, hata pale ambapo haja zao hazigongani. Mwalimu wetu hakuwa amesoma habari za Follett. Alichokuwa nacho ni nafasi ya kuuliza "kwa nini" mahali ambapo jibu halimwaibishi mtu.

Nafasi hiyo tunayo katika lugha na katika desturi zetu, ndiyo maana nilisikitika kuambiwa kwamba sisi ni wajadilianaji dhaifu. Neno letu la kushindania bei ni kupatana, na neno letu la watu wanaoishi vizuri pamoja ni hilohilo. Tukisema "hawapatani" hatuna maana ya kwamba wameshindwa bei. Na shughuli nzito kuliko zote tunazozijadili, ile ya posa na mahari, tumeijengea kazi maalumu ya mshenga. Nimewahi kuwa mshenga wa mpwa wangu huko Nzega. Nilipeleka barua imefungwa kwenye leso, nikapokewa sebuleni na baba mdogo wa binti, huku baba mwenyewe akiwa chumba cha pili na pazia likiwa wazi nusu. Tulitaja kiasi, wakakicheka kwa heshima; wakataja chao, nikashika kichwa; nikasema naomba nirudi kwa walionituma. Kila neno lililokuwa kali nilikuwa nimelitamka mimi, wala si baba wa kijana, na kila lililokataliwa lilikataliwa kwangu. Wazee wawili walipokuja kukutana, kulikuwa hakuna neno lolote kati yao la kusameheana. Mwezeshaji wetu angeupima ukoo ule kwa kipimo chake angeona kimya cha baba nyuma ya pazia, akaandika kwamba anaogopa.

Ipo sababu nyingine ya kuitazama kwa makini hali ya mtu aliyetumwa. Mwaka 1999 wanasaikolojia Michele Gelfand na Anu Realo walionyesha kwamba mjadilianaji anapojua kuwa atatoa hesabu kwa watu wake, huzidi kufuata kile ambacho watu wake wanakiona kuwa ndiyo mwenendo mwema: wanaothamini kundi huzidi kushirikiana, wanaothamini mtu binafsi huzidi kushindana. Ukumbi wenye macho ya watu 40 ni mahali ambapo kila mtu anatoa hesabu kwa kila mtu. Pale ndipo adabu zetu hukolea kuliko mahali pengine popote, na pale ndipo tumechagua kufanyia majadiliano yetu yote, kwa mpigo mmoja, kabla ya chakula cha mchana.

Nitaambiwa kwamba Watanzania hawajawahi kujadili jambo gumu mkutanoni, mbele ya mkubwa, hadi mwisho. Wamewahi, na ilikuwa hapahapa mjini kwetu. Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU ulikutana Tabora kuamua kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimu kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na ambao ulimbagua mpiga kura kwa elimu au kipato. Wajumbe wengi walifika wakiwa wameazimia kuususia. Nyerere, aliyekuwa rais wa chama na ambaye mwezi mmoja nyuma alijiuzulu kiti chake katika Baraza la Kutunga Sheria, alitaka washiriki. Hakukifunga kikao kwa kutaja anachokitaka na kuomba michango. Jambo lilijadiliwa siku kadhaa, akapingwa kwelikweli, na hata baada ya uamuzi Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama chake. Wale waliobadili mawazo walibadili kwa kushawishiwa, na chaguzi za Septemba 1958 na Februari 1959 zilipofika, chama kilikwenda kwa pamoja na kikashinda. Uamuzi huo tunauita wa busara. Mimi naona siku zilizotumika kuufikia zilistahili jina hilo pia.

Hata hivyo, nisije nikageuka mpambe wa kimya. Vipo vimya ambavyo mshenga hawezi kuvitafsiri. Kwenye mabani ya tumbaku mwanamke ndiye anayeshona majani na kukesha na moto, lakini jina kwenye mkataba ni la mume, na mkutanoni yeye hukaa mkekani karibu na mlango. Akinyamaza hapo hapeleki ujumbe wa kiungwana kwa mtu yeyote, amenyamazishwa. Kadhalika mfanyakazi wa mkataba wa miezi mitatu. Kuita hali hizo heshima ni kufunika kombe, na nimefunika mengi katika kazi yangu. Mtu wa kati naye anaweza kuharibika. Njia ya misafara ya karne ya 19, iliyopita hapa Tabora na kushuka hadi Ujiji, ilikuwa na kodi ya kupita iliyoitwa hongo. Wasafiri wa Kizungu walizoea kuinung'unikia katika maandishi yao, kwa kuwa ilijadiliwa kwa siku nyingi kupitia wajumbe, kitambaa kwa kitambaa, kabla mtemi hajaridhia msafara upite. Ilikuwa malipo ya wazi, kila mpagazi aliyajua. Leo neno hilohilo tunalitumia kwa kitu kinachopita chini ya meza. Neno posho nalo lilikuwa mgawo wa chakula cha mpagazi wa msafara. Limefika mbali, mpaka kwenye karatasi ya mahudhurio ya semina. Mtu wa kati anayefanya kazi yake bila pande zote mbili kumjua huyo tayari ni dalali.

Ninachowaomba wakuu wa taasisi za mkoa huu si kigumu, wala hakihitaji mtaalamu kutoka nje. Ajenda yenye jambo la kuamuliwa itolewe wiki moja kabla, kwa Kiswahili, bila namba ya mkubwa juu yake. Mkubwa aseme wa mwisho. Akishindwa kujizuia, basi atoke nje wakati jambo linajadiliwa, kama baba wa binti alivyokaa chumba cha pili. Katikati ya hoja na uamuzi pawe na usiku mmoja. Wanawake waulizwe peke yao, na jibu lao lisomwe kwanza. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapewa na sheria siku 30 za kusuluhisha mgogoro wa kazi kabla haujaenda mbele. Kama sheria imeona kwamba watu waliokwisha kugombana wanahitaji siku 30 na mtu wa kati, sijui kwa nini wale ambao bado hawajagombana tunawapa dakika 20. Na ninyi waandishi wenzangu wa mihtasari, mtu akisema "tumelipokea", andikeni "wamelipokea", mwishe hapo. Ikirudishwa, irudisheni tena.

Muhtasari wa msimu wa juzi nimeusahihisha kwa wino mwekundu, mwenyekiti akauwekea sahihi bila kuniuliza. Nakala ya barua hii nimemtumia pia mwezeshaji wa mafunzo yetu. Sikumpelekea mwenyewe, nimempa kijana aliyekuwa akimsaidia kugawa karatasi siku ile, ambaye ni mtoto wa jirani yangu, na nimemwomba ampe wakati wakiwa wawili tu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Afisa utumishi mstaafu,
Isevya, Tabora.